Golikipa ya Mashini ya Kale

Siku yenyewe ilianza muzuri, ule uzuri ya kuchosha. Pa Nchelenge, hapa pembeni ya ziwa, asubuhi yote inafanana. Jua inapanda nyuma ya ofisi za council, bamama banatandika samaki bidogo bya chisense ku muchanga bikauke, makonda ya minibus banaita bantu ya Mansa kama vile ku Mansa iko kitu. Mimi nilikuwa nimekaa pa mulango ya nyumba ya play ya kaka yangu Royd, fasi ya kulipa na kucheza michezo ya televizyo, na meza yangu ya talk time ya simu. Niko na degree, mwe bantu. Development Studies, na picha ya kofia ku ukuta ya mama. Balisema tusome, tukasoma. Sasa nauzia bavuvi talk time, na bale bale balisema tusome banatuambia tujiajiri. Bon. Nimejiajiri.

Royd hakusoma kama mimi, lakini alikuwa na boulot, kazi ya maana: alikuwa anatengeneza michezo. Si kucheza, kutengeneza. Alikamata muchezo ya mupira ya play ya zamani, ile mashini nyeusi yenye dunia yote ilishaitupa, akaifungua ndani, akatoa bale bachezaji ya televizyo, akaweka bavuvi yetu. Timu ya Kashikishi. Timu ya kisiwa ya Chisenga. Timu ya Kilwa ya ngambo, ku Congo, kwenye alitokaka bibi yake ya ndoa, Priscille, njo maana ku nyumba yetu Swahili haikauke. Kila muchezaji alimupiga picha ku muchanga, mbele, nyuma, vile anakimbia, vile anakasirika. Kiisha anakaa anamuingiza polepole mu mashini. Ukicheza, unajua huyu ni fulani hata mbele ya kusoma jina.

Golikipa ya Kashikishi alikuwa Boyd, rafiki ya Royd toka utoto. Mutu ya mukono ya kushoto. Alikuwa anadaka mupira kama vile ni mali ya mama yake.

Kiisha boti yenye ilikuwa inarudisha timu kutoka Chisenga ikazama.

Sisi hapa, mutu akikufa, jina yake haiachwe chini. Tunaita kupyanika. Familia inatandika mukeka, ndugu mumoja anakaa pale, mukubwa anamupa maji ya kunywa mu kikombe, na bote banakubali kwa sauti: fulani alikufa, huyu njo amekamata jina yake. Pale roho inapata fasi ya kukaa. Jina yenye haikupata mutu inatembea-tembea. Mimi ku chuo niliandikaka essay juu ya hii mambo, nikaiita social protection. Balinipa marks muzuri.

Bale bengine balipatikana mu maji, balizikwa, balipyanikwa. Boyd hakupatikana. Na mama yake, Bana Boyd, akakatala.

"Mutoto yangu hajafa," alisema. "Ziwa haijanionyesha."

Na kila siku, akimaliza kuanika samaki, anakuja ku nyumba ya play, anakaa ku kiti ya mbele. Hagusi kitu. Anaangalia tu Boyd mu goli. Mupira inakuja, Boyd anaruka, mama anatikisa kichwa kidogo. Kiisha anasema aksanti, anaenda kupika.

Bachezaji balikuwa banaogopa kumufunga goli mama akiwa pale.

Bon. Njo ikakuja habari ya Lusaka. Kampuni moja ndogo ya michezo ilikuwa imeona kazi ya Royd. Banamutaka, kontra ya kweli, mushahara ya kila mwezi. Lakini play ya zamani, basi. Hakuna tena mutu anatengenezea ile mashini, balisema, bote banahama, na weye uhame. Balimutumia mashini mupya ku bus. Nyeupe, kimya, kama frigo ya hospitali. Priscille alikuwa na mimba kubwa. Nani angekatala? Mimi, kwa kontra kama ile, ningehama hata na meno ya mama ya mama yetu.

Shida ilikuwa moja. Mashini mupya haikubali picha ya karibu-karibu. Inataka mwili. Mutu anajifunga bitambaa bya rangi ku kila kiungo, anaruka mbele ya kamera, na mashini inakamata vile mifupa yake inatembea. Bachezaji balikuja. Hata bapyani ya bale balikufa balikuja, bakaruka chini ya majina yenye balikamata ku mukeka. Yote ilienda sawa. Fasi ya Boyd tu njo haikuwa na mutu.

"Toa Boyd," Priscille alisema. "Weka golikipa ingine."

"Na mama yake nitamuambia nini? Nitasimama mimi. Najua vile aliruka," Royd akajibu.

"Papa, jina ya mutu haivaliwe kama shati."

"Ni data, Priscille."

"Kwako ni data. Kwa mama yake ni mutu."

Royd alicheka, akamupapasa tumbo, akatoka inje.

Ilikuwa saa sita ya muchana, jua mu kichwa, muchanga inachoma miguu. Royd akajifunga bitambaa. Akaandika jina mu mashini: BOYD. Akasimama kati ya miti ya goli, na mimi njo nilikuwa natupa mupira. Ya kwanza alikamata na mukono ya kuume. Yenye ilifuata, na kuume. Yenye ilifuata tena, na kushoto.

Nilifikiri anaigiza.

Nikatupa juu sana, fasi yenye Royd, mutu ya tumbo, hawezi kufika. Alifika. Akaanguka ku muchanga mukavu na sauti ya mutu mwenye anaanguka mu maji.

Alisimama polepole. Anaangalia mikono yake, mbele na nyuma, kama bya kuazima.

"Yaya, tumemaliza?" nikamuuliza kaka yangu.

Nilienda kumufungua bitambaa. Byote bilikuwa bimeloana, na bilikuwa na harufu ya majani ya ziwa.

Mangaribi Bana Boyd akakuja kama siku zote, akakaa ku kiti yake. Nikamuwashia mashini ya zamani. Timu zikaingia. Mupira ikaanza. Goli ya Kashikishi ilikuwa wazi. Jina ya Boyd iko pale juu, imeandikwa muzuri. Mutu hakuna. Ku majani, pale anasimamaka, kulikuwa kivuli.

Kivuli tu. Na ilikuwa inageuka kufuata mupira.

Nilitaka kuzima. Bana Boyd akanikamata mukono.

"Ametoka," alinong'ona. Hakusema na woga. Alisema kama mutu mwenye anasikia mulango inafunguka.

Royd akaingia. Akapita karibu na bibi yake, hakumuona. Akapiga magoti mbele ya Bana Boyd, akapiga makofi ya chini-chini vile tunasalimiaka bakubwa.

"Mayo," alisema mu Bemba. "Nanaka."

Mama, nimechoka. Sauti ilikuwa ya Royd. Ile kuchoka haikuwa yake.

"Mpeniko amenshi."

Alikuwa anaomba maji. Bana Boyd akatoa kikombe mu kitunga yake, akamimina maji. Priscille akaniambia mimi shemeji yake chini-chini, "Bulamu, usiache anywe." Nikaenda. Sikufika. Alikunywa. Na mukono ya kushoto. Yote.

Pale njo nilielewa, na degree yangu yote. Jina ilikuwa pale. Mama alikuwa pale. Maji yalikuwa pale. Kitu moja tu ilikosa, mutu ya kusema Boyd alikufa. Maji ya mupyani, mwenye anakamata jina, marehemu mwenyewe aliyakunywa mu mwili ya Royd.

Ku nyumba yetu Royd alikaa ku kiti ya bageni. Hakuegemea. Aliangalia tumbo ya Priscille na heshima, kiisha akaangalia pembeni.

"Madame," akauliza, "bwana yako iko wapi?"

Priscille akaweka mukono ku mudomo.

Mimi nilimupiga kofi. "Royd, acha bujinga." Shavu ilikuwa baridi. Kiganja yangu ilibakia na maji.

Pasteur alikuja. Balimuombea, balimuwekea mikono, na yeye akasema amen na sauti muzuri kupita bote. Boyd alikuwaka mukristo muzuri, hata hivyo.

Mutu mwenye alijua dawa alikuwa Kalumba, ndugu ya Bana Boyd, mukubwa ya ile familia. Alikuja kutuona, akaongea polepole.

"Tupyanike Boyd vile inafaa. Mimi njo nitakaa ku mukeka. Jina ikinikamata mimi, itamuacha kaka yenu. Lakini mama aseme kwanza mutoto alikufa. Bila ile neno, mukeka ni mukeka tu."

Tukaenda ku nyumba ya Bana Boyd asubuhi. Mukeka ilikuwa imetandikwa. Royd alikuwa amefika mbele yetu, amekaa pembeni anakula ugali ya bukari na samaki, na mukono ya kushoto, anachekelea kuku. Priscille akapiga magoti, na ile tumbo yote.

"Mama. Neno moja tu. Ni bwana yangu. Ni baba ya huyu."

Bana Boyd aliinama ku sahani ya Royd, akatoa mwiba mu samaki, akarudisha mukono yake polepole.

"Weye mama ya Congo," akasema, "ungekuwa mimi, ungesema?"

Priscille aliangalia chini.

"Dada," Kalumba akasema. "Tafadhali."

Bana Boyd akatoa mwiba ingine.

Kalumba akakunja mukeka.

Siku ile ile balipanda boti ya Chisenga, Bana Boyd na mutoto yake. Nilifika ku pwani nikakuta boti imeanza kutoka. Nikaita, Royd. Nikaita tena. Bantu ya boti bote baligeuka kuniangalia.

Yeye hakugeuka. Haikuwa jina yake.

Kampuni ilifurahi sana. Golikipa anaonekana kama anapumua, baliandika. Banauliza Royd atarudi lini ku kazi, maana mashini ingine iko njiani, mupya kupita hii mupya, na bote banapaswa kuhama tena. Vile njo bako. Banahama. Hakuna mwenye anauliza nani alibakia.

Priscille njo aliniita. Alikuwa ku nyumba ya play, peke yake, amewasha ile ya zamani.

Goli ya Kashikishi haikuwa wazi tena. Mutu alikuwa amesimama. Jezi ya golikipa, na tumbo ya Royd ndani yake. Hakuna mutu alimuingiza mule. Mupira ilipita karibu, hakuruka. Alitoka mu goli, akatembea mpaka mwisho ya kiwanja, pale picha inaishia. Akasimama. Akatuangalia.

Mudomo ilikuwa inafunguka, inafungika. Sauti hakuna. Mu ile mashini sauti ya bachezaji haipate fasi.

Sasa mutoto amezaliwa, na Priscille anakaa ku kiti ya mbele na ye mu mapaja. Anaongea na televizyo. Anamuonyesha mutoto. Umeme ikikatika, anangojea mu kiti, na mimi siulize mule ndani kunakuwa namna gani. Jicho ya mashini imechoka, inasoma disque ya muchezo kwa shida. Nimetafuta ingine Mansa. Bandugu ya Priscille banatafuta Lubumbashi. Ile kitu haitengenezwe tena, fasi yote.

Bakubwa balikuja. Safari hii ni juu ya Royd. Tumupyanike, balisema, jina yake ipate mutu, roho yake ipumzike, na bibi awe huru. Kalumba alikuja na mukeka ku bega. Bibi aseme tu neno.

Priscille alibaangalia moja moja. Akapanga mutoto muzuri mu kitenge.

"Hajafa," alisema.

Ilikuwa ile sauti ya Bana Boyd. Kalumba aliisikia na ye. Hakufungua mukeka.

Jana, muchana, bantu bote bako ku soko, picha ikajikata. Mashini ilikuwa inazunguka ndani, inakwaruza, inakwaruza, kiisha ikanyamaza. Priscille hakulia. Alibakia tu amekaa, macho ku kioo nyeusi. Mimi sijue kunyamaza bila kufanya kitu, nikakamata kitambaa nipanguze televizyo, ile ya kale yenye mugongo munene.

Ku kioo kulikuwa alama ya mukono. Kiganja na bidole, bimefunguka, vile mutu anasukuma mulango.

Nikapanguza. Nikatia maji, nikapanguza tena. Nikapanguza na nguo yangu, na nguvu, mpaka kioo ikalia.

Iko upande ya ndani.