Uzi Mwekundu kwenye Kaptura Nyeusi

Jumamosi ile safu ya mafundi cherehani sokoni ilijaa mpaka watu wakawa wanapishana kwa mabega. Katikati ya zogo hilo akaja mwanamume anatembea kinyumenyume. Amevaa fulana ya manjano ya kubana, kofia ya baiskeli kichwani, na koti amelifunga kiunoni likamfunika nyuma.

"Dada, samahani. Nina kaptura imechanika."

"Lete," alisema fundi bila kuinua macho.

"Ndiyo hii niliyovaa."

Hapo akainua macho. "Imechanika wapi?"

"Mahali siwezi kukuonyesha kabla hatujajuana."

Fundi jirani alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Mwanamume akaingizwa nyuma ya pazia, akapitisha kaptura kwa juu. Fundi akaigeuza. Upande wa kulia nyuzi zilikuwa zimetoka ndevu, zimejaa vumbi la lami.

"Ulianguka ukikata kona ya kulia."

"Wewe fundi au mganga?" pazia liliuliza.

"Nguo haisemi uongo, kaka."

Alipotoka, kaptura imeshonwa, aliona baiskeli kuukuu imeegemezwa ukutani. Akaambiwa ni ya fundi: kilomita kumi na nane kuja kazini, kumi na nane kurudi, kila siku.

"Basi wewe ni mwanamichezo," alisema. "Hujaambiwa tu."

Ndivyo yalivyoanza. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, miaka tisa katika mbio za baiskeli. Akamwazima baiskeli nyepesi, akamfundisha kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzake ili upepo usimchoshe. Simu nazo hazikukatika.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na miguu inauma kwa sababu yako."

"Nije niikande?"

"Baki huko huko na lifti zako."

Jumapili moja, wamekaa kando ya barabara wakinywa maji, fundi cherehani alimwambia jambo ambalo hata mama yake hakulijua. Miaka mingi nyuma alinusurika kukanyagwa na lori kwenye kona ya namna hiyo: ya kulia, mteremkoni. Tangu hapo, akiingia kona kama ile, vidole vinashika breki vyenyewe.

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Siri yako ni yangu."

Siku ya mashindano yake ya kwanza ikafika. Wanawake watatu wa mwanzo wangeingia timu ya mji. Kwa mtu aliyeshonea wengine sare maisha yake yote, kuvaa sare ya kwake lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi.

Hadi kilomita tano za mwisho walibaki wanne mbele. Mmoja wao alikuwa dada wa yule fundi wa lifti, waliyemwita Mwewe. Mteremko ukaanza, harufu ya kiwanda cha sabuni ikawapiga puani, na chini ya mteremko kona kali ya kulia. Kabla tu ya kona Mwewe akasimama juu ya pedali, akachomoka. Wawili wakamfuata. Fundi akashika breki. Walipotoka konani walikuwa wamemwacha mita hamsini, na hakuwafikia tena. Akamaliza wa nne.

"Pole, wifi," Mwewe alisema akijifuta jasho. "Kaka alinidokeza kwamba pale unashika breki. Mashindano ni mashindano."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa moja tu.

Jioni simu ililia mara sita. Ya saba akapokea.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia asikae karibu na gurudumu lako pale. Ungeshika breki ghafla mkaangukiana. Niliogopa utaumia, mpenzi."

"Sikuanguka. Na nimeumia."

"Nilitaka kukulinda."

"Ungeniambia mimi nikae nyuma. Ulikwenda kumwambia mshindani wangu." Akakata.

Baiskeli ya kuazima aliirudisha kwa mlinzi wa jengo alikofanya kazi mwanamume, bila barua. Wiki tatu akaendesha ile kuukuu, na kila kona ya kulia alisikia sauti ikisema, siri yako ni yangu.

Jumamosi ya nne, mtu akaingia nyuma ya pazia bila kuomba. Kaptura ikapita kwa juu, imechanika mahali pale pale.

Fundi akaigeuza mara moja tu. Hakuna vumbi. Hakuna ndevu. Mpasuko umenyooka kama rula.

"Hii imekatwa na mkasi."

Pazia likajibu: "Ningekuja na nini? Simu hupokei."

"Ungekuja na ukweli."

"Ukweli ni kwamba niliitoa siri yako. Kwa wema, lakini niliitoa. Haikuwa yangu kuitoa."

Fundi aliyangoja maneno hayo wiki tatu, na bado kifua kilimuuma. Akatoa uzi mweusi kwenye cherehani, akaweka mwekundu.

Mwanamume aliipokea kaptura. "Mbona mshono unaonekana?"

"Uonekane. Kila atakayekaa nyuma yako ajue uliwahi kuchanika."

"Na wewe utakaa nyuma yangu?"

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kona ya kiwanda cha sabuni. Wewe tangulia. Mimi nitafuata huo uzi."

"Ina maana umenisamehe?"

"Ina maana uje na baiskeli mbili. Na ukishika breki mbele yangu, hiyo kaptura utaishona mwenyewe."