Mkwe Aliyetema Mvinyo

Niliupiga mkono wa mjukuu wangu, glasi ikaruka... ikapasukia ukutani. Mvinyo mwekundu ukamwagikia kitambaa cheupe cha meza kama mahali palipochinjwa kuku.

Ukumbi wote wa hoteli ukatugeukia.

"Usinywe, Trizah," nikasema. "Huyu mtu anataka kukuua."

Huyo mtu ni Cephas, mchumba wake. Na kesho yake ndiyo ilikuwa ayie, siku mimi kama mzazi ningesema mbele ya watu kwamba nimemkubali. Mbuzi alikuwa ameshafungwa nyumbani Rangwe.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, msinicheke kabla sijamaliza.

Trizah nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Cephas ni kijana wa Uriri, kule Migori, aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya mizabibu Australia. Alirudi na makatoni ya mvinyo wa huko, mweupe na mwekundu, akitafuta hoteli za kuununua. Siku hiyo aliwaita mameneja waonje, hapa Homa Bay, na sisi akatualika tuione kazi yake. Alikumbuka mgongo wangu unauma, akaniletea mto wa kuegemea. Hilo nililiona.

Lakini kando yangu alikaa Orpah, dada ya marehemu mume wangu. Tangu asubuhi alikuwa akininong'oneza kwamba mwanamume wa kukaa ng'ambo hivyo bila mke lazima ana jambo.

Cephas akaanza na mweupe. Aliinamisha glasi juu ya kitambaa aone rangi, akaizungusha, akaingiza pua. Akasema unanukia ndimu, na jiwe lililonyeshewa mvua. Orpah akauliza kama Wazungu wa huko hula mawe.

Kisha akavuta kidogo mdomoni kwa sauti, kama mzee anayekunywa uji wa moto. Akasukutua.

Halafu akatema kwenye ndoo!

Jamani, mimi nimepika busaa, pombe yetu ya nafaka, nimesomesha watoto kwa busaa. Kwetu anayekupa kinywaji hunywa yeye kwanza, ukimwona, na humeza. Unampa mgeni kitu ambacho wewe mwenyewe hukimezi... maana yake nini?

"Nyar Kisegi, umeona?" Orpah akaninong'oneza, akiniita kwa kijiji nilikozaliwa. "Ametema."

Nikajipa moyo kwamba labda ile chupa imeharibika. Akafungua mwekundu. Akanusa, akasema ni zambarau zilizoiva na pilipili manga kwa mbali. Akavuta mdomoni...

Akatema tena.

Kisha akajaza glasi nyingine, akampa Trizah. "Wewe kwanza, mpenzi."

Trizah akainua. Hapo ndipo mkono wangu uliporuka.

Meneja mmoja alichukua mkoba wake akatoka. Trizah alikuwa analia.

"Dani," akaniita, yaani bibi, "umeniangusha. Kazi yake yote ni leo."

Nilingoja Cephas anitukane. Hakunitukana. Alichuchumaa mbele ya kiti changu.

"Dani, nimekosa nini?"

Nikamwambia. Akainamisha kichwa. Akasema hata kwao Uriri ni hivyo hivyo, amekaa nje mpaka amesahau. Akaeleza kwamba waonjaji wote hutema ili ulimi usilewe, na kwamba hata mameneja waliletewa ndoo zao. Kweli, kila meza ilikuwa na ndoo. Mimi nilidhani ni za barafu.

"Lakini wewe ni mzazi," akasema. "Kwako nitameza."

Akajimiminia glasi. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

"Mwangalie anavyotetemeka," Orpah akasema, sasa kwa sauti.

Trizah akanishika magoti. "Dani, mzuie. Baba yake aliuawa na pombe. Yeye aliapa kwenye kaburi lake kwamba hatameza hata tone. Anaonja, anatema. Miaka yote hiyo, Dani."

Wajukuu zangu, mume wangu pia pombe ndiyo iliyomzika. Kila jioni nilikuwa namwomba Mungu ampe Trizah mwanamume asiyemeza.

Na sasa nilikuwa namlazimisha ameze.

Nilipogeuka mvinyo ulikuwa tayari kinywani mwake, mashavu yamejaa, macho yamefumbwa.

Nikainua ile ndoo kwa mikono yangu miwili, mgongo uniume ukitaka.

"Tema, mwanangu."

Akatema. Akalia kidogo, mwanamume mzima.

Glasi ilikuwa na mvinyo bado. Nikaichukua, nikanusa. Zambarau, kweli. Nikanywa mbele ya watu wote, nikameza.

"Wa nyumba ya huyu kijana ameshakunywa kwanza," nikawaambia mameneja. "Karibuni."

Mmoja akacheka, akavuta glasi yake. Wengine wakafuata. Orpah akaomba ule mweupe, na yeye hakutema.

Niliyojifunza ni haya tu. Mimi nilimwita muuaji bila kumuuliza neno. Yeye, aliyeaibishwa mbele ya watu wake, aliniuliza kwanza amekosa nini. Mtu wa namna hiyo akija nyumbani kwako, mpe kiti.