Karatasi za Kichwa cha Ng'ombe

Harufu ndiyo iliyotangulia. Asubuhi moja depo ya vyakula ya Kasuku iliamka inanuka bahari, hapa Kindu ambako wengi wetu tutakufa bila kuiona hiyo bahari. Wapakuzi walidhani ni samaki wa mto ameoza mahali, wakamtafuta mpaka chini ya mbao. Mzee Bulaimu, ambaye ujana wake ulipita bandarini Matadi, alisimama mlangoni akavuta pumzi mara mbili.

"Sumaili, mwanangu, hii harufu iko ya bahari. Sasa inafanya nini huku?"

"Makasha yalilowana njiani, mzee," Sumaili, mtunza depo, alijibu huku akiangalia viatu vyake.

Alisema kweli, nusu yake. Mzigo ulitoka Ulaya kwa meli hadi Matadi, ukavushwa maporomoko kwa treni, ukapanda mto hadi Kisangani, ukachukuliwa na treni nyingine hadi Ubundu, ukarudi mtoni hadi kwetu. Maji ya bahari yaliingia tumboni mwa meli, karatasi zikabanduka, makopo yakafika uchi. Hati ya mzigo ilisema nusu ni nyama ya ng'ombe na nusu ni ya nguruwe. Ipi ni ipi, hakuna aliyejua.

Sheria ya depo ni moja: kopo lisilo na karatasi linatobolewa kwa msumari na kuzikwa mbele ya mashahidi. Lakini Sumaili alikuwa na majivuno yake. Miaka kumi na moja hajazika hata kopo moja, na alilisema hilo kila alipopata wa kumsikiliza, utadhani makopo ameyazaa yeye. Ndani ya kasha moja alikuta bunda la karatasi nzima, zote zenye picha ya kichwa cha ng'ombe. Akazianika. Akamwambia mkewe, Hawa, apike gundi ya unga wa muhogo, eti ya kubandikia matangazo ya chama. Kisha akafunga mlango wa depo akayavika makopo yote ng'ombe. Wanunuzi ni Wakristo, alijiambia, hakuna atakayedhurika.

Wiki haijaisha, Bulaimu akarudi. Arobaini ya marehemu mkewe ilikuwa imekaribia na nyama sokoni hakuna.

"Kwa wengine ninauliza kwanza," mzee alisema. "Kwako siulizi. Weye uko mutoto wa musikiti."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno mawili tu yangetosha. Sumaili akaenda kumtolea mzee makasha mawili. Arobaini ilifana, watu wakasifu mchuzi.

Siku ya tatu baada ya karamu, Hawa alishindwa kumeza. Ugali ulirudi, uji ukarudi, hata maji. Sumaili aliporudi nyumbani mchana, jua likiwa utosini na majirani wamejilaza, alimkuta mkewe amelala chali, na kwenye paji la uso wake kuna karatasi mbichi yenye kichwa cha ng'ombe.

Aliibandua. Chini yake kulikuwa na nyingine. Akaibandua na hiyo, na iliyofuata, na kila moja ilitoka kwa mlio wa ngozi inayochunwa, na harufu ya bahari ikazidi kupanda mpaka macho yakamwasha, na chini ya kitanda, kwenye sakafu ya udongo mkavu, akasikia maji yakipiga mbao, taratibu, kama ya chombo kilichotia nanga, naye akaendelea kubandua kwa sababu aliogopa kuacha, mpaka Hawa akafumbua macho na sauti isiyo yake ikatoka bila midomo kutikisika:

"Nililala ndani ya maji yangu ya bahari, nikafika na makopo yako. Weye ulinivika karatasi ya uongo. Sasa niambie, mimi niko nyama gani?"

Sumaili alikimbilia kwa Mwalimu Zuberi, ambaye kwa kufukuza majini hakuna anayemfikia hapa mjini. Zuberi aliandika kombe, aya za Kurani kwa zafarani, ndani ya bakuli, akaliosha kwa maji, akamtia Hawa kinywani. Hawa alilitema. Ndani ya bakuli, katikati ya maji ya manjano, kikaelea kipande cha karatasi chenye jicho la ng'ombe.

"Unataka nini?" Zuberi alimwuliza jini.

"Aseme."

"Aseme mbele ya nani?"

"Mbele ya wale walikula."

Mwalimu alimvuta Sumaili pembeni, akashusha sauti. "Ulilisha watu nini, weye?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hujui ao hutaki?"

Sumaili aligeuka kumtazama Hawa.

"Basi sikia. Hii jini haifukuzwi na dawa yangu. Hata tone la maji halipiti kwenye koo ya huyu mwanamuke. Ukingoja Ijumaa, tutamuzika."

Ilikuwa Jumanne. Naona haya hata kusimulia kwamba Sumaili alingoja. Jumatano alifika hadi lango la Bulaimu, mzee akamkaribisha kwa furaha, akamshukuru tena kwa ile nyama, naye akaishia kuulizia hali za watu wa nyumbani na kurudi alikotoka. Usiamini kwamba hakumpenda mkewe. Alimpenda. Lakini mtu aliyezoea kusifiwa anaweza kumwona mkewe anakauka kitandani, na bado akapiga hesabu ya namna watu watakavyomtazama.

Alhamisi adhuhuri Hawa alikuwa mwepesi kama nguo. Karatasi zilikuwa zimeshuka hadi shingoni. Sumaili alimbeba mgongoni, na kila hatua ile sauti ilimnong'oneza sikioni, nyama gani, nyama gani, mpaka wakaingia uani kwa Bulaimu, ambako Zuberi, kwa ombi lake, alikuwa amewakusanya wote waliokula arobaini.

Alisema. Alisema akiwa amepiga magoti, macho kwenye vumbi, kuhusu makopo, karatasi na gundi, na kwamba nusu ilikuwa nguruwe. Mwanamke mmoja alianza kulia. Bulaimu aliagiza maji, akasukutua, akatema, akasukutua tena.

"Sisi hatukujua," mzee alisema hatimaye. "Mungu atatusamehe. Weye ulijua."

Karatasi zilidondoka moja moja kutoka usoni kwa Hawa, kavu. Harufu ya bahari ikakatika, ikabaki ya moshi wa majiko. Zuberi alimpa maji. Yalipita. Akampa tena, akanywa bakuli zima, watu wakasema alhamdulillahi. Kisha Hawa akamgeukia mumewe.

"Siku ya arobaini ulisema tumbo inakuuma, hukula kitu," alisema polepole. "Nilikuja kukuuliza kama nikupikie uji. Nilikuwa na sahani ya ile nyama mukononi. Nilikula mbele yako, Sumaili. Uliniangalia mpaka nikamaliza?"

Sumaili alimtazama usoni, akitafuta karatasi hata moja iliyosalia, akiomba iwe bado ni ile sauti nyingine. Uso ulikuwa safi. Aliyeuliza alikuwa Hawa mwenyewe, na ua mzima ulisubiri jibu.