Neno Moja la Oyoo

"Daktari, hizo chembe mume wangu akipandikizwa kichwani, atasema ukweli?"

Daktari Ndalahwa akavua miwani.

"Ukweli upi, mama?"

"Wowote atakaoulizwa."

Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwamba huko Marekani wanajaribu kupandikiza chembe changa kwenye ubongo uliopigwa na kiharusi, huenda zikashika kazi ya zile zilizokufa. Paskazia hakumaliza hata chai. Alitoka nyumbani Pasiansi mbiombio hadi hospitali, na ungemwona ungesema ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, lakini wivu ndio uliomkimbiza.

"Wanajaribu tu," daktari akasema. "Hata wao hawajui kama zitasaidia, na hapa kwetu hazipo. Dawa tuliyonayo ni mazoezi. Ule mkono mnaunyoosha kila siku?"

"Tunaunyoosha."

Uongo mtupu.

Mumewe, Oyoo, kijana wa Shirati, alikuwa msimamizi kwenye kiwanda kipya cha minofu ya samaki kabla hajaanguka. Ndoa yao haikuwa imetimiza hata mwaka. Kiharusi kilimfutia maneno yote, Kiswahili chote, likabaki moja tu: Chiega. Akiamka, Chiega. Akitaka maji, Chiega. Paskazia, Msukuma wa Buhongwa, akajiamulia mwenyewe kwamba huyo ni mmoja wa wale akina mama wanaonunua mapanki, mabaki ya sangara, pale getini kiwandani. Aibu ikamziba mdomo, hakumuuliza mtu. Akahamia chumba cha pili, na mkono wa mumewe akaacha kuugusa. Si aje huyo Chiega wake aunyooshe!

Aliporudi nyumbani alimkuta wifi yake, Aoko, amefika kutoka Shirati na ameketi kando ya kitanda.

"Karibu, wifi. Za Shirati?"

"Nzuri. Mbona mkono wa kaka umekakamaa hivi?"

Kabla Paskazia hajadanganya mara ya pili, Oyoo aligeuza uso mlangoni.

"Chiega!"

Machozi yakamtoka Aoko. "Jamani, kaka yangu."

Hapo Paskazia akalipuka.

"Unamlilia? Basi kamlete! Miezi yote hii ananitajia hawara yake, na mimi ndiye namwogesha, mimi ndiye namlisha!"

"Hawara gani?"

"Si huyo Chiega!"

Aoko akamtazama kama anayemsikiliza mtu mwenye homa kali.

"Wifi, hakuna mtu anaitwa hivyo. Kwetu chiega maana yake mke wangu. Anakuita wewe."

"Unamfichia."

"Nimfichie nini? Toka nje, muulize Mjaluo yeyote. Ugonjwa umemwachia lugha ya mama yake, basi. Kwani hajawahi kukuita hivyo?"

"Sisi tulizoea Kiswahili. Aliniita Paska."

Paskazia aliona aibu. Mtu alikuwa anamwita mkewe kutoka kitandani, na mkewe anafunga mlango. Akapiga magoti pale pale.

"Oyoo, nilikuwa nakuadhibu kwa sababu unaniita. Mkono huu si kiharusi peke yake, na mimi nimeuharibu. Hata daktari nimemdanganya leo. Unanisikia? Nisamehe, mume wangu."

"Chiega."

Ilikuwa ndiyo au hapana? Hakuwa na neno jingine la kumjibu, na Paskazia alijua anastahili kubaki hivyo, bila kujua. Zile chembe za Marekani zingekuwa karibu, angeziomba sasa hivi, si ili mumewe aungame, bali apate maneno ya kumgombeza akitaka.

Oyoo akaukamata mkono mbovu kwa ule mzima, akauburuta juu ya shuka polepole, akauweka mikononi mwa mkewe.

Aoko akatoka, akawaachia chumba.

Paskazia akaanza na kidole gumba. Oyoo akaguna kwa maumivu, naye akalia, lakini hakuacha kunyoosha.