Hatua Sita Kutoka Mtoni

Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili, saa nne asubuhi, mto ulikula shamba la mpasua mbao. Mahindi yaliondoka pamoja na udongo wake. Maji yalipotulia, zilibaki hatua sita tu kati ya ukingo na kaburi la mkewe.

"Wakubwa hao!" alifoka. "Wao wanazunguka kwenye viti ofisini, mke wangu anataka kuchukuliwa na maji!"

Dada yake hakumbembeleza. "Kaka, sururu iliyochimba hapa ilikuwa ya wakubwa?"

Mwaka jana mpasua mbao mwenyewe alikata miti yote ya ukingoni. Kisha akang'oa na visiki, akachoma mkaa. Kwa wapasua mbao, kuacha kisiki ni kuacha nyama mfupani.

Kesho yake alifika bibi misitu, afisa kijana wa serikali, buti zake zimejaa tope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta kibali kingine cha kukata?"

"Nimeleta jembe."

Akainama ukingoni. "Bonde hili lote lilikuwa msitu, mzee. Babu zetu walikata, lakini visiki waliviacha. Kisiki huchipua, na mizizi yake hushika udongo. Halafu ikaja reli. Msitu ukafyekwa, magogo yakawa mataruma ya kulalia vyuma. Baadaye ikapandwa mikaratusi, mpaka kwenye chemchemi. Mikaratusi ina kiu."

"Si nilisema? Wakubwa!"

"Umesema kweli. Ila visiki vya hapa uling'oa wewe."

Neno hilo lilimwingia. Akatazama kaburi.

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Usilime tena ukingoni. Panda matete chini, mikuyu juu. Kisiki chochote kilichobaki kikichipua, kizungushie miiba, mbuzi wasile."

Akapanda na dada yake. Wenzake wakamcheka. "Fundi wa msumeno leo yaya wa miche!"

"Chekeni. Mto hauna shemeji."

Misimu miwili ya mvua imepita. Mto ulijaa, ukarudi. Hatua bado ni sita. Anazipima mwenyewe kila asubuhi. Wenzake nao wameanza kuacha visiki, kimyakimya, kama watu waliojua tangu zamani.

Lakini malori yangali yanashuka na magogo kutoka juu ya bonde. Mpasua mbao ameshakwenda ofisini mara tatu, kofia mkononi, na swali lilelile: sisi wa chini tumeacha visiki, je, kibali cha kule juu kimetiwa sahihi na nani?