Bi Zaitun Asilale

"Jumamosi gani hiyo, Jumbe?"

"Hii hii, Salme. Kesho. Mama ameshawaalika wazee. Wakimaliza kula, wanakwenda moja kwa moja kwa kina Kadija kuposa."

"Wanamposea nani?"

Upande wa pili, kwenye kibanda cha simu pale Kaloleni, lori lilipita likipiga honi.

"Mimi," Jumbe akasema hatimaye.

Salme alikuwa amesimama katika ofisi ya kituo cha ambulensi, amevaa sare yake ya buluu, kofia kwapani. Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, na katika Eastlands nzima ya Nairobi wanawake waliopanda ambulensi kuhudumia wagonjwa ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabakiwa na vidole. Naye hakuwa mtu wa kulia kwenye simu ya ofisi.

"Umemwambia mama yako kuhusu mimi?"

"Nilianza."

"Ukafika wapi?"

"Nikasema kuna msichana nimempenda kazini. Akaniuliza kazi ipi. Nikasema hii yetu. Akasema mwanamke anayeshikashika wanaume barabarani na kurudi kwao alfajiri haingii nyumba yake."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikanyamaza."

Hebu tumwelewe huyu Jumbe. Alikuwa dereva wa ambulensi, na akishika usukani hata malori ya mchanga yalimpisha. Lakini mama yake akikohoa tu, kijana ulimi unakauka. Zamani yeye na Salme walikuwa gari moja, yeye mbele, Salme nyuma na mgonjwa. Mkubwa wao, Bwana Owino, alipogundua wanapendana, aliwatenganisha siku hiyo hiyo. "Wapenzi hawapandi gari moja," alisema. "Dereva ataangalia kioo badala ya barabara." Tangu hapo Jumbe akiwa zamu, Salme yuko nyumbani, na mapenzi yao yakawa ya simu.

"Salme, nimefikiria kitu. Je, nikimwambia mama kwamba kazi utaiacha..."

"Hiyo sentensi usiimalize."

"Nilikuwa nasema tu."

"Sikiliza, Jumbe. Babangu ananiuliza kila wiki kama huyo kijana ana miguu, mbona hafiki kwetu Pumwani. Nenda kwa mama yako leo. Mwambie jina langu na mwambie kazi yangu, yote mawili. Usipomwambia, Jumapili usinipigie. Usinipigie tena kabisa."

Akaweka mkono wa simu chini. Alimpenda Jumbe mpaka kifua kilimuuma, na kazi yake aliipenda vilevile, na hakuona kwa nini mtu mzima aambiwe achague kati ya mkono wa kulia na wa kushoto.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bedan, dereva wake, kijana wa mtaa wa Bahati asiyeweza kukaa kimya hata akilipwa.

"Manze Salme, twende. Kuna mathe amejikata mtaa wa Ziwani, damu haikati. Shopkipa ndiye amepiga simu." Akasita. "Jina wamesema Bi Zaitun."

Salme akamtazama.

"Eeh," Bedan akasema. "Mathe wa Jumbe, mamake mzazi. Niombe gari lingine?"

"Lingine liko wapi?"

"Dandora."

"Basi washa hili. Mimi si jamaa yake, na kwa mwendo huu sidhani kama nitakuwa."

Walimkuta Bi Zaitun sakafuni jikoni, ameegemea ukuta, majirani wamemzunguka kila mmoja na dawa yake. Alikuwa akikuna nazi za wali wa Jumamosi, ule wa kuwapa nguvu wazee wa posa. Aliponyanyuka achukue sufuria akateleza, akaangukia mbuzi ya kukunia, na yale meno ya chuma yakampasua mkono kutoka karibu na kiwiko hadi kifundo. Kanga aliyojifunga ilikuwa imeloa, na nazi iliyokunwa iliyomwagika chini ilikuwa nyekundu.

Salme akapiga magoti, akakandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kuuinua mkono juu.

"We nani?" Bi Zaitun akauliza.

"Wa ambulensi, mama."

"Peke yako?"

"Na dereva. Yuko nje, analeta machela."

"Huyo aendeshe tu. Mimi tangu baba yake Jumbe afariki sijashikwa na mwanamume, na sitaanzia jikoni. Nishike wewe mwanangu."

"Ndiyo, mama."

Jirani mmoja alidokeza kwamba Jumbe ametoka asubuhi, hajulikani alikokwenda. Salme alijua: kwenye kibanda cha simu, Kaloleni. Alifunga bendeji nene, wakambeba kwa machela, Bedan akawasha king'ora.

Kwenye kituo kulikuwa na somo ambalo kila mtu wa kukaa nyuma alifundishwa kabla hata ya kugusa bendeji. Mgonjwa anayevuja damu, mfanye aongee. Muulize lolote lile. Anayeongea yupo, na akianza kukujibu kwa mkato ujue anaondoka. Wengine waliwauliza wagonjwa habari za mpira, wengine mvua. Salme aliwauliza habari za watoto wao.

"Mama, una watoto wangapi?" Lilimtoka kabla hajafikiri.

"Mmoja. Jumbe. Naye ni dereva wa magari haya haya. Unamjua?"

"Namjua kidogo."

Kwenye kidirisha cha mbele Bedan akakohoa.

"Mtoto mzuri," Bi Zaitun akasema. "Ila kuna mwanamke amemroga."

Salme akakaza mkono kwenye bendeji. "Mwanamke gani, mama?"

"Mmoja wa huko kwenu. Simjui na sitaki kumjua. Nasikia anapanda gari na wanaume usiku na mchana."

"Labda ni kazi tu."

"Kazi ya mwanamke hiyo?" Sauti ya Bi Zaitun ilipanda, na mapigo ya moyo chini ya vidole vya Salme yakapata nguvu kidogo. Salme akaliona hilo. Hasira ilikuwa inamfaa bibi huyu kuliko maji.

Barabara ya Landhies ikawagomea. Lori la kabichi lilikuwa limelala ubavu karibu na stendi ya mabasi ya mashambani, na watu wamejaa barabarani, nusu wakiokoa lori na nusu wakiokoa kabichi. King'ora kililia bure.

"Bedan?"

"Siwezi kuruka, Salme wa..." Bedan akajiuma ulimi kabla hajamtaja Jumbe. "Siwezi kuruka, sista. Nipe dakika chache."

Bendeji ilikuwa imeanza kuonyesha damu. Salme akaongeza nyingine juu yake, akakandamiza kwa uzito wake wote.

"Mama, kuna sherehe gani? Nimeona nazi nyingi."

"Posa."

"Ya nani?"

"Kadija." Macho ya Bi Zaitun yalikuwa yanashuka. "Mtoto wa duka. Mpole."

"Na Jumbe anampenda?"

"Atampenda."

"Na yule mwingine je?"

"Yupi?"

"Yule wa kupanda magari. Ni mbaya kiasi gani?"

"Mbaya," Bi Zaitun akasema polepole. "Nimechoka mwanangu. Acha nilale kidogo."

"Usilale, mama. Ana sura gani?"

Macho yakajifumba.

"Mama. Huyo msichana ana sura gani?"

"Sijui. Niache."

Midomo yake ilikuwa imepauka, na mkono uliokuwa na joto jikoni sasa ulikuwa baridi. Mbele, Bedan alikuwa ametoa kichwa dirishani akiwatukana watu wa kabichi kwa lugha tatu. Salme alijua akimwacha bibi huyu aende na usingizi wake, huenda asingeamka. Alijua pia akisema neno lililobaki, mlango wa Ziwani ungefungwa, na ufunguo ungetupwa chooni. Kisha akajikasirikia kwa kusita, maana aliyelala pale alikuwa mgonjwa wake kabla hajawa mama wa mtu.

Akainama mpaka sikioni.

"Mama, huyo mwanamke ni mimi."

Jicho moja likafunguka.

"Unasemaje?"

"Ni mimi. Naitwa Salme binti Haidari, wa Pumwani. Mimi ndiye ninayempenda Jumbe, na Jumbe ananipenda. Miaka miwili sasa."

Jicho la pili likafunguka, na yote mawili yakamkazia.

"Wewe?"

"Mimi."

"Umenishika mkono wangu muda wote huu, unanichimba maneno?"

"Nilikuwa nataka uongee, mama."

"Sasa nitaongea. Hebu ngoja ninyanyuke."

"Ukinyanyuka damu itatoka. Niseme ukiwa umelala."

Naye akamsema. Alimsema wakati lori la kabichi likisukumwa kando, akamsema gari lilipopata njia na kukata kona, akamsema kuanzia malezi hadi mshono wa sare. Salme alikandamiza jeraha na kujibu kila alipoona sauti inalegea.

"Huna haya."

"Haya ninayo, mama. Muda ndio sina."

"Na kupika hujui."

"Hilo ni kweli."

"Unakubali?"

"Naunguza hata chai."

"Yarabi, mwanangu atakufa njaa!"

"Endelea, mama. Na kufagia?"

Mbele, Bedan alikuwa akiendesha huku mabega yakimtikisika. Walipofika hospitali na wauguzi kuifungua milango, Bi Zaitun alikuwa bado anasema, dhaifu lakini macho makavu, mkono wake mzima umemshika Salme kwenye ukosi.

Walimshona na kumwongezea damu. Salme alipaswa kurudi garini, lakini Bedan alisema tairi linahitaji kuangaliwa, akaenda kuliangalia kwenye kibanda cha chai. Basi Salme akabaki kwenye korido, sare imekaukiwa na damu, akiwa na hakika kabisa kwamba ameokoa mtu na kupoteza mwingine.

Ndipo Jumbe alipoingia mbio. Hakumwona Salme. Alipitiliza hadi kitandani, akamshika mama yake mguu kwa kuwa mkono ulikuwa na bendeji.

"Mama, nilikuwa nazunguka mtaa tangu asubuhi nikitafuta maneno. Nikarudi nyumbani nikakuta damu jikoni. Nilidhani nimekukosa kabla sijakwambia."

"Kuniambia nini?"

Jumbe akavuta pumzi. Salme, aliyemfuata hadi mlangoni, aliacha kuvuta yake.

"Simtaki Kadija. Nampenda msichana mmoja. Anaitwa Salme. Anafanya kazi ya ambulensi na hataiacha, na mimi sitamwambia aiache. Ukikataa nitakuja kila siku kukuomba mpaka ukubali. Lakini sitaoa mwingine."

Bi Zaitun akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwa mwanawe.

"Umechelewa," akasema.

"Mama..."

"Umechelewa. Ameshajiposa mwenyewe. Njia nzima, kutoka Ziwani mpaka hapa. Yuko nyuma yako."

Jumbe akageuka. Jumbe alimwona Salme na damu ya mama yake imemfika viwikoni, akaanza kulia bila aibu, mwanamume mzima, na muuguzi akamwambia asogee anazuia njia.

"Mama," Salme akasema, "nisamehe kwa maneno ya garini."

"Sijakusamehe. Nikipona tutaendelea." Bi Zaitun akafumba macho. "Sasa nina ruhusa ya kulala?"

"Sasa lala, mama."

Kina Kadija walikuwa bado hawajaambiwa lolote, kwa hiyo hakuna aliyeaibika, na zile nazi majirani walizila. Mwezi uliofuata wazee walivuka kutoka Ziwani hadi Pumwani, nyumbani kwa Mzee Haidari. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Mambo yalikwenda vizuri hadi ami yake Jumbe, mzee Hamidi, aliposafisha koo.

"Tumeridhika na binti. Jambo moja tu dogo. Akishaolewa, hii kazi ya magari aiache. Haipendezi mke wa mtu kushika watu wasiomhusu."

Mzee Haidari akatazama mkeka. Jumbe akafungua kinywa, na safari hii maneno yakatoka.

"Ami, hilo halimo."

"Nyamaza, wakubwa wanazungumza."

"Basi na mimi nizungumze," ikasema sauti nyuma ya pazia. Pazia likasogea, na mkono ukatokea, una kovu refu kutoka karibu na kiwiko hadi kifundo. "Hamidi, unauona huu?"

"Nauona, Bi Zaitun."

"Siku ile nilikuwa nakwenda zangu. Ungetaka nani anishike? Wewe? Au yule dereva mwenye domo?"

Hamidi akarudi kuegemea ukuta.

"Nilishikwa na mwanamke, nikastirika. Kazi haachi. Na mimi siku nikianguka tena, nataka aje yeye. Hatukumaliza kusemana."

Mkono ukarudi nyuma ya pazia. Kisha sauti ile ile, chini kidogo, ikimwelekea mtu aliyekaa naye ndani.

"Na kupika nitakufundisha mwenyewe. Nazi utakuna wewe."

"Ndiyo, mama," Salme akajibu.

Mzee Haidari akainua mikono, na wote wakasoma Fatiha.