Samaki Waliosugua Sufuria

Nyumbani kwa mfinyanzi, kuosha sufuria ilikuwa kazi ya binti yake wa miaka kumi. Kwa maneno yake mengi, wote walimwita Chiriku. Kila mchana alizilaza sufuria kwenye maji ya ukingoni mwa mto, kisha akakaa juu ya jiwe kupiga soga. Samaki wadogo walikuja wakatafuna ukoko. Yeye alimalizia kusuuza tu. Watoto wote wakamwiga, na mama zao wakasifu akili hiyo.

Siku moja Chiriku aliinama kuchukua sufuria. Maji yakapasuka. Mdomo mrefu wa mamba ukaibana sufuria. Mkono wake ulipona kwa upana wa kiganja.

Alifika nyumbani bila sufuria, akamsimulia mama yake, yule mfinyanzi, yote.

"Basi," mama alisema. "Mtoni hukanyagi tena."

"Na maji atateka nani, mama? Wewe, na mgongo wako huo unaouma?"

Mama alitazama udongo wake. Bila maji hakuna chungu, na nyumba ile iliishi kwa vyungu.

Kesho yake alikuja askari wa wanyamapori, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa. Aliwakusanya watoto kwenye kibanda cha mfinyanzi.

"Nani kamwalika mamba?" aliuliza.

"Kajileta mwenyewe, shangazi," mtoto mmoja alijibu.

"Mmemwandalia meza. Makombo yanaita samaki, samaki wanamwita mamba. Tena mnakwenda saa ile ile, jiwe lile lile. Mamba hana saa ya mkononi, lakini ratiba yenu anaijua."

"Tumuue tu," mama alisema.

"Akifa huyu, dada, atakuja mwingine kwenye meza hiyo hiyo. Tuondoe meza."

Kwa siku tatu wakubwa walichimbia nguzo ndani ya maji, zikabanana, zikazunguka sehemu ya kutekea. Askari alipitisha mkono katikati ya nguzo.

"Ngumi yangu imepita. Ongezeni mti hapa."

Tangu hapo vyombo vilioshwa nyumbani. Maji yalitekwa kukiwa na mwanga, kila siku saa tofauti, watoto wakiwa pamoja, kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya ufito mrefu. Mmoja alisimama nyuma kutazama mto.

"Mkiona gogo linaelea?" askari aliwauliza.

"Tunarudi nyuma, hatulirushii jiwe," Chiriku alijibu.

"Kwa nini?"

"Huenda lina meno."

Hata hivyo, mama hakumwacha aende bila yeye. Kila siku alimfuata mtoni, akijikokota na mgongo wake, na vyungu vikangoja.

Kisha mvua kubwa ikanyesha. Kulipokucha mama hakuweza kuinuka. Watoto walikwenda wenyewe. Muda si muda akawaona wanarudi, Chiriku mbele, ndoo zote tupu.

"Mbona hamna maji?"

"Nguzo mbili zimelala, mama. Wengine walitaka tuteke haraka haraka. Nimewakatalia."

"Walikusikiliza?"

"Nilipiga kelele mpaka wakachoka."

Mchana huo wakubwa walizisimamisha nguzo. Mto ulikuwa na mamba wake, naye aliogelea mbali na uzio, hana shughuli na mtu.

Asubuhi iliyofuata mama aliketi mbele ya udongo wake. Chiriku alichukua ndoo, akasimama mlangoni akimsubiri.

"Unangoja nini?" mama alisema bila kuinua macho. "Wenzako wako njiani. Nenda, udongo unanikaukia."